Boksi la 8K, Picha ya Chogo

Jumamosi nimeitwa Tabata na mama mmoja mtu mzima. Nafika, dishi limeshashushwa limeegemezwa ukutani, king'amuzi kimetiwa kwenye mfuko wa rambo, na chini ya TV kuna boksi jipya jeusi la Android, lile la kuonyesha filamu za intaneti kwenye TV, limeandikwa 8K kwa herufi za dhahabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu, hebu niangalizie hii intaneti, ni mbovu. Mwanangu kaniletea boksi la kisasa kabisa, lakini nikifungua Netflix watu wanaonekana kama wamejipaka mafuta ya nazi uso mzima."

Nikapima intaneti kwa simu yangu: megabiti 40 kwa sekunde, faiba, imetulia tuli. Netflix wenyewe wanasema 5 zinatosha kwa picha ya 1080p, yaani HD kamili, na 15 kwa 4K, iliyo kali zaidi. Kwa hiyo intaneti haina kosa. Nikachukua rimoti, nikaona kitufe chenye alama ya kipanya. Hapo nikajua ugonjwa kabla hata sijawasha.

Hiyo ni nyumba ya sita tangu mwezi uanze. Sita! Na kote watu wanaamini kitu kilekile: boksi ni boksi, tofauti ni RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi). Ndiyo maana leo nimeacha kazi mezani nikaamua kuandika, ili mtu akinipigia nimtumie hii badala ya kumwaga vocha.

Kuna Android za aina mbili zinazouzwa kwenye maboksi, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Moja ni Android TV, ambayo siku hizi sura yake ya mbele inaitwa Google TV. Hii imetengenezwa kwa ajili ya TV, Google ameikagua na kuipitisha. Nyingine ni Android huria, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua bure na kuibandika kwenye chochote. Kiwanda kinaichukua, kinaweka picha nzuri mbele, kinafunga kwenye boksi. Ukweli wake ni kwamba umenunua tableti isiyo na kioo. Ndiyo maana rimoti ina kitufe cha kipanya: programu zilizomo ni za simu, hazielewi rimoti, zinasubiri kidole. Kitufe hicho kinaleta mshale utembee kwenye skrini kama kompyuta. Ukikiona dukani, rudisha rimoti mezani, sema asante, ondoka.

Sasa tuje kwenye picha. Filamu ya Netflix inakuja nyumbani kwako ikiwa imefungwa kwa kufuli. Kufuli linalotumika kwenye Android linaitwa Widevine, ni la Google. Lina ngazi, na mbili ndizo utakazokutana nazo: L1 na L3. Kwenye L1, ufunguo unakaa kwenye kona ya siri ndani ya chipu, na filamu inafunguliwa humohumo. Programu nyingine haiwezi kuchungulia. Kwenye L3, kazi yote inafanywa na programu tu, hadharani, kwa hiyo mwenye filamu anaona akikupa picha kali utainakili. Anakupa SD, picha ya ubora wa chini. Yaani 480p. Yaani picha iliyokuwa ikitoka kwenye TV ya chogo, imevutwa ijaze inchi 55. Hayo ndiyo mafuta ya nazi.

Nilimfungulia mama aone mwenyewe. Kwenye Netflix ile ya simu, ukiingia kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya uchunguzi, kuna ukurasa unaoeleza uwezo wa kifaa. Palikuwa na mistari miwili iliyonitosha: Widevine L3, ubora wa juu kabisa SD. Mama akavaa miwani, akasoma, akageuka kulitazama boksi. "Sasa hii 8K wameandika ya nini?"

Ya kupendeza, mama.

Hapa ndipo wauzaji wanaponichosha. Ukienda Kariakoo ukamwambia muuzaji nataka kuona picha, atakuwashia YouTube. Maua, kasuku, miji ya usiku, 4K inayong'aa mpaka unasikia kiu. Na ni kweli inang'aa! Kwa sababu video hizo za bure za YouTube hazina kufuli hilo. Boksi bovu kuliko yote linaweza kuonyesha kasuku vizuri, hasa kama kasuku mwenyewe yupo kwenye flashi. Ukitaka kujaribu, mwambie aweke Netflix. Utasikia "akaunti imeisha jana" au "mtandao leo unasumbua." Ingiza akaunti yako mwenyewe, kisha ukimaliza itoe, usije ukawa unawalipia wapita njia.

Na ni wajanja. Baada ya wateja kuanza kuuliza, sasa muuzaji anakuwahi: "Kaka, hili ni L1." Inaweza kuwa kweli, na bado picha ikawa SD. Watu hawanielewi hapa, naomba usome taratibu. L1 ni sharti la kwanza. Netflix ana sharti lake la pili: kila aina ya kifaa lazima aikague na kuiidhinisha yeye mwenyewe. Boksi lenye L1 ambalo halimo kwenye vifaa alivyoidhinisha linapewa SD kama lile la L3. Kwa hiyo kuna maboksi yenye leseni ya Google, yenye L1 halali kabisa, na Netflix yake bado ni mafuta ya nazi. Kitufe chekundu cha Netflix kwenye rimoti nacho si ushahidi, kitufe ni plastiki na wino.

Nikiri jambo. Nimeshakutana na maboksi yaliyokuwa na L1, yakasasishwa usiku, asubuhi yakaamka na L3. Dawa ya uhakika sina. Kuna lililorudi baada ya kufutwa lote na kuanza upya, na kuna ambalo mpaka leo ni pambo.

RAM nayo. Nimeshika boksi linalosema RAM 8 na Android 13, nikaingia ndani na programu ya kupima vifaa, nikakuta kerneli, yaani kiini cha mfumo, ni 3.14. Kerneli hiyo ni ya mwaka 2014, ndugu zangu. Android 13 imetoka 2022. Ni kama mtu akuambie gari ni jipya halafu ukute stika ya bima ya miaka minane iliyopita kwenye kioo. Kinachofanyika ni kwamba kiwanda kinahariri faili moja la maandishi, na ukurasa wa "Kuhusu kifaa" unasoma hapo. Andika RAM 64, itaonyesha 64. Na hata zingekuwa za kweli, kuonyesha filamu hakuhitaji RAM 8. Gigabaiti 2 zinafanya kazi hiyo. Hiyo 8K pia inahitaji tundu la waya wa picha la HDMI 2.1 kwenye boksi, na TV ya 8K, na kitu cha 8K cha kutazama. Vyote vitatu huna.

Nikiongelea picha tu watu wanasema ninaringa, wao 480p inawatosha. Sawa. Lakini maboksi haya yana jambo baya zaidi. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa wahalifu unaoitwa BADBOX 2.0, na Julai mwaka huohuo Google akafungua kesi New York akisema vifaa zaidi ya milioni 10 vya Android huria visivyoidhinishwa vimeambukizwa, maboksi ya TV yakiwemo. Mengine yanatoka kiwandani na virusi ndani. Boksi likishaunganishwa, intaneti yako inageuzwa njia ya watu wengine kupitia kufanya mambo yao, na anwani inayoonekana ni ya nyumbani kwako. Zamani mteja akilalamika boksi linapata moto na bando linaisha bila mtu kutazama, nilikuwa nalifuta lote, nalianzisha upya, namwambia "liko safi." Nilikuwa nadanganya bila kujua. Kama mdudu yuko kwenye mfumo wenyewe, kulifuta boksi ni kumrudisha yuleyule.

Basi ununue lipi? Kwanza angalia TV uliyonayo. Kama ni Google TV halisi, au ni Samsung au LG ya miaka ya karibuni, huhitaji boksi lolote. (TV za bei ya kutupa zilizoandikwa "smart" zina ugonjwa uleule wa Android huria, angalia rimoti.) Kama unahitaji boksi, mimi nafunga Xiaomi TV Box S, au Google TV Streamer iliyotoka 2024 kama mfuko unaruhusu. Fimbo za Fire TV za Amazon nazo Netflix inaonyesha vizuri. Bei sitaji, maana Kariakoo bei ya asubuhi si ya jioni. Na kuwa macho na Xiaomi feki: likiwashwa kwa mara ya kwanza bila kukupitisha kwenye hatua za Google za kuingiza akaunti, hilo si lenyewe.

Waya wa mtandao ni bora kuliko Wi-Fi kama ruta iko karibu. Usilie kwamba tundu la boksi ni megabiti 100 tu, 4K inataka 15.

Halafu bando. Hapa nataka ukae chini upige hesabu, maana watu wanarudisha king'amuzi dukani kabla ya kuzidisha. Picha ya HD kwenye Netflix inakula mpaka gigabaiti 3 kwa saa. Saa mbili kila usiku, siku 30: gigabaiti 180. Kwa 4K ni mpaka 7 kwa saa, yaani 420 kwa mwezi kwa saa zilezile mbili, na hapo hujahesabu watoto na katuni zao tangu watoke shule. Kama una faiba au kifurushi cha mwezi kisicho na kikomo, endelea. Kama unategemea bando la simu kwa kushea hotspoti, baki na dishi lako, nakuomba. Kituko ni kwamba lile boksi la L3 linakuokolea bando: SD inakula kama gigabaiti 1 kwa saa au chini yake.

Vifurushi vyenyewe nitapita haraka. Kile cha Netflix cha bei ya chini kabisa, cha simu, hakifanyi kazi kwenye TV. Ni cha simu na tableti tu. Nimeitwa mara mbili kutengeneza "boksi bovu" ambalo kosa lake lilikuwa hilo. Kilichotajwa kuwa cha msingi kinaishia 720p, kwa hiyo ukinunua boksi la 4K ukalilisha kifurushi cha msingi, umenunua basi la abiria 60 la kubebea watu wawili. Na zile "laini" za kutazama TV mtandaoni zinazouzwa WhatsApp, chaneli elfu kadhaa kwa bei ya chipsi kuku: ni wizi, na zinakatika siku ya dabi. Ukimpigia aliyekuuzia, namba haipatikani.

Wapenzi wa mpira mnisikilize peke yenu. Boksi halileti chaneli. Narudia, maana naulizwa kila siku "hili lina Simba na Yanga?" Boksi lina programu, na programu inaonyesha kile ambacho mwenye haki anakiruhusu. Ligi Kuu Bara iko Azam kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021, shilingi bilioni 225.6, kwa hiyo utailipia kwa Azam, iwe kwa dishi au kwa programu yao ya AzamTV Max. England iko SuperSport. Umeondoa king'amuzi, bili umebaki nayo.

Kisha kuna kuchelewa. Mpira wa mtandaoni unakatwa vipande vipande, unahifadhiwa, ndipo unakufikia. Unaweza kuwa nyuma ya dishi kwa nusu dakika, wakati mwingine zaidi. Wewe unaona kona inapigwa, banda umiza la jirani wameshavua mashati. Hili silitibu. Na mpira ukionekana unarukaruka, ingia kwenye mipangilio ya skrini, weka 50Hz badala ya 60, yaani skrini ibadilishe picha mara 50 kwa sekunde. Matangazo yetu ni ya 50, na maboksi mengi huja yamewekwa 60. Dishi nalo lina mvua, najua, masika inakata mpaka basi. Nyumbani kwangu nina vyote viwili, na mke wangu ananicheka kwamba nawashauri watu waache kitu ambacho mimi mwenyewe sijaacha.

Mama wa Tabata alinisikiliza yote hayo akiwa amekunja mikono. Mwisho akauliza tamthilia yake ya saa mbili kasorobo usiku iko kwenye Netflix? Haiko. Akatazama saa, ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni.

"Basi baba, ngazi iko uani. Hilo boksi nitamwambia mwanangu alirudishe."

Nikapanda. Nati za dishi zilikuwa zimeshika kutu, nikazipiga nyundo kidogo, na signo ikashika saa mbili kasoro ishirini.