Si wingi wa homoni, ni mapigo yake: dhana potofu na ukweli kutoka katika kazi ya Ernst Knobil

Mwanamke akikosa hedhi miezi kadhaa, watu husema kizazi kina tatizo. Mwanamume akikosa mtoto, huambiwa nguvu zimepungua, atafute sindano. Wakati mwingine kizazi ni kizima na korodani ni nzima. Kilichokatika ni amri inayotoka kwenye ubongo.

Njia ya amri hiyo ni hii. Haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni ya GnRH. Homoni hiyo hushuka kupitia vishipa vyembamba vya damu hadi tezi ya pituitari, ambayo haizidi sana ukubwa wa punje ya njegere. Pituitari nayo hutoa homoni mbili, LH na FSH, na hizo ndizo zinazofika kwenye ovari au korodani. Mtu aliyetufundisha jinsi amri hiyo inavyotumwa ni mtafiti wa homoni Ernst Knobil. Alizaliwa Berlin mwaka 1926, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1951, akafanya utafiti Harvard, akahamia Pittsburgh mwaka 1961, kisha Houston mwaka 1981. Alifariki mwaka 2000.

"Homoni ni homoni, hata ya ng'ombe itafaa"

Insulini ya nguruwe na ya ng'ombe iliokoa wagonjwa wa kisukari kwa miaka mingi, ndiyo maana dhana hii ilikuwa na mashiko. Lakini homoni ya ukuaji ya ng'ombe haikuwasaidia watoto waliodumaa. Katika miaka ya 1950, Knobil na mtafiti mwenzake Roy Greep walionyesha kwamba tumbili huitikia homoni ya ukuaji ya tumbili, ila ya ng'ombe haimfanyi kitu. Tangu hapo Knobil aliendelea kutumia tumbili wa rhesus hata kwenye maswali ya uzazi, kwa sababu jike wake hupata hedhi kila siku 28 hivi kama mwanamke, na panya hapati.

"Ukizidisha dozi, mwili utaitikia zaidi"

Hii ndiyo dhana inayodhuru zaidi, na mimi nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 1970 maabara ya Knobil ilipima LH mara kwa mara kwa tumbili walioondolewa ovari. Kiwango hakikutulia. Kilipanda ghafla, kikashuka, kikapanda tena, kama mara moja kila saa. Baadaye walichukua tumbili ambao sehemu ya haipothalamasi inayotoa GnRH ilikuwa imeharibiwa, wakajaribu kuwarudishia GnRH kwa dripu isiyokatika. LH na FSH hazikurudi kama kawaida. Walibadili kasi ya dripu na bado hazikurudi.

Ndipo wakajaribu kuiga yale mapigo: mikrogramu 1 kwa dakika, kwa dakika 6 tu, halafu kusubiri hadi saa inayofuata. LH na FSH zikarudi. Walipogeuza tena kuwa dripu ya mfululizo, zikazimika. Waliporudisha mapigo, zikaamka. Majibu hayo yalichapishwa mwaka 1978. Piga hesabu: kwa mapigo, mnyama alipata mikrogramu 6 kwa saa. Dripu isiyokatika kwa kasi ileile ingemwingizia 60, yaani mara kumi, na ingeizima pituitari badala ya kuiamsha. Sababu ni kwamba seli za pituitari zinapogongwa bila kupumzika huondoa vipokezi vyake (sehemu zinazopokea homoni) juu ya utando na kuacha kuitikia. Zinahitaji kimya kati ya pigo na pigo.

Hata urefu wa kimya hicho una maana. Mapigo yakiwa ya haraka, LH hupata nafasi kubwa zaidi. Yakichelewa hadi kila saa tatu, LH hushuka na FSH hupanda.

Hospitalini maarifa haya hutumika kwa njia mbili zinazopingana. Mwanamke ambaye haipothalamasi yake imenyamaza anaweza kuvaa pampu ndogo inayosukuma GnRH kila dakika 60 hadi 90. Pampu hiyo inahitaji pituitari iliyo nzima. Kama pituitari yenyewe imeharibika, haitasaidia. Sindano ikiziba au mrija ukipinda, mapigo hukosekana na yai hukwama kabla ya kupevuka. Kwa upande wa pili, dawa kama goserelini (miligramu 3.6 chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28) hukaa mwilini mfululizo kwa makusudi, ili kuizima pituitari kwa mwenye saratani ya tezi dume. Hapa kuna jambo ambalo mgonjwa lazima aambiwe mapema: katika wiki ya kwanza au ya pili testosteroni, homoni ya kiume inayolisha saratani hiyo, hupanda kwanza, na hushuka vizuri baada ya wiki 3 hadi 4. Kwa hiyo daktari huongeza vidonge vya kuzuia testosteroni mwanzoni. Maumivu ya mgongo yakizidi siku hizo, au miguu ikipoteza nguvu, mgonjwa asingoje tarehe ya kliniki. Aende hospitali siku hiyohiyo.

"Ubongo ndio unaopanga siku ya yai kutoka"

Kwa panya, saa ya ubongo na mwanga wa mchana vina kauli kubwa. Kwa tumbili, timu ya Knobil iliweka pampu kwa majike ambao haipothalamasi yao ilikuwa imeharibiwa lakini ovari zao zipo. Pigo moja kila saa, bila kubadilisha chochote. Mizunguko ya siku 28 ikarudi, na mayai yakatoka. Aliyepanga siku ni ovari: kifuko cha yai kinapokomaa humwaga estrojeni (homoni ya kike) nyingi, estrojeni ikidumu juu kwa muda wa kutosha pituitari hutoa LH kwa wingi, na yai hutoka kama saa 36 tangu LH ianze kupanda. Ubongo hupiga ngoma tu, na usipoipiga hakuna kitakachoendelea. Majike wachanga nao walipopewa mapigo hayo walianza mizunguko kabla ya umri wake. Pampu ilipozimwa, wakarudi utotoni.

"Sindano ya testosteroni humpa mwanamume mtoto"

Humnyima. Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu, hupunguza mapigo ya GnRH. LH na FSH hushuka, na korodani huacha kujitengenezea testosteroni yake. Ndani ya korodani homoni hii huhitajika kwa kiwango cha juu kuliko cha kwenye damu kwa makumi ya mara, na sindano haiwezi kukifikia. Korodani hunywea, mbegu zinaweza kufika sifuri. Akiacha, kurudi huchukua miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Mbegu moja hutengenezwa kwa siku 74 hivi, kwa hiyo kupima tena baada ya wiki tatu ni kupoteza pesa. Asubiri angalau miezi mitatu.

"Kipimo kimoja cha damu kinamaliza kazi"

LH iliyopimwa kwenye kilele cha pigo na ile iliyopimwa bondeni ni namba mbili tofauti za mtu yuleyule. Testosteroni ipimwe kati ya saa moja na saa nne asubuhi, na ikiwa chini irudiwe siku nyingine. Prolaktini, homoni ya maziwa, hupanda hata kwa hofu ya sindano, hivyo mgonjwa akae atulie kwanza. Anayemeza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini (aina ya vitamini) nyingi aviache siku 2 au 3 kabla, kwa sababu huharibu majibu ya mashine nyingi. Na kipimo cha projesteroni (homoni inayopanda baada ya yai kutoka) cha "siku ya 21" ni cha mwenye mzunguko wa siku 28 peke yake. Projesteroni hupimwa siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Mwenye mzunguko wa siku 35 aende siku ya 28, la sivyo ataambiwa hatoi mayai kumbe alipimwa kabla ya wakati wake.