Trauti wa mto huu si trauti wa mto ule

Wanaotaka kurudisha samaki mtoni hutuuliza swali lilelile: trauti, samaki huyu wa maji baridi ya mito na maziwa, si trauti tu? Kwa jina la kisayansi, ndiyo. Trauti wa kahawia wote ni Salmo trutta. Ukishuka hadi kwenye vinasaba, mambo hubadilika.

Katika Lough Melvin, ziwa la mpakani kati ya Jamhuri ya Ireland na Ireland Kaskazini, wavuvi walikuwa na majina matatu ya trauti zamani sana kabla ya maabara kuwachunguza. Gillaroo ana madoa mekundu na kuta nene za tumbo. Chakula chake ni konokono wa chini ya ziwa. Sonaghen, mweusimweusi, hula vijidudu vinavyoelea majini. Ferox hula samaki wenzake. Ziwa ni moja, ila hawachanganyiki wakati wa kuzaana: gillaroo hutaga zaidi katika Drowes, mto unaotoka ziwani, sonaghen hupanda mito inayoingia, na ferox ana eneo lake katika mto Glenaniff. Andrew Ferguson wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, na wenzake walipopima vinasaba, wavuvi walionekana kuwa sahihi.

Chanzo cha tofauti hizi ni tabia ya kurudi kwao. Trauti aliyekomaa hutafuta kijito alichozaliwa, akiongozwa hasa na harufu ya maji. Jike huchimba changarawe kwa mkia, hutaga, kisha hufukia. Vifaranga wengi hufa mapema. Wanaonusurika huwa zaidi ni wale wanaostahimili baridi, kasi ya maji na chakula cha pale pale, nao ndio watakaorudi kutaga.

Mto Hayle, Cornwall, Uingereza, unaonyesha jambo hili linavyoweza kufika mbali. Karne za uchimbaji madini zimeuachia shaba na zinki kwa kiwango cha kumuua trauti aliyetoka maji safi. Wa Hayle wanaishi humo. Metali imejaa kwenye matamvua na maini yao, lakini miili yao hutengeneza kwa wingi protini zinazoikamata isiwadhuru. Hawakupata bure: utofauti wa vinasaba ndani ya kundi lao ni mdogo, kwa hiyo wana akiba ndogo ya kukabili tatizo jipya.

Tahadhari moja, maana hata wataalamu hujikwaa hapa. Si kila tofauti ya vinasaba inatokana na mazingira. Kundi dogo hutofautiana na jingine kwa bahati tu, kama unavyochota shanga za rangi mbalimbali mara mbili na kupata mchanganyiko usiofanana. Ndiyo maana tunalea vifaranga wa mito miwili katika maji yaleyale, kwa chakula kilekile. Tofauti ikibaki, wameirithi.

Majaribio ya aina hiyo kwa trauti wa Amerika Kaskazini yalitoa jibu ninalolipenda kuliko yote. Vifaranga ambao wazazi wao hutaga katika mto unaotoka ziwani huelekea kuogelea dhidi ya mkondo. Wa mto unaoingia huelekea kuufuata. Kila upande hufika ziwani bila kufundishwa na yeyote. Sasa chukua hawa wa mto unaoingia, uwamwage katika ule unaotoka: watafuata mkondo kama walivyozaliwa, na ziwa litabaki nyuma yao.