Gitaa la Willie Nelson halikupigwa mnada

Stori inazunguka miaka mingi eti lile gitaa la Willie Nelson, mwimbaji wa muziki wa country wa Marekani, linaloitwa Trigger, lilikamatwa na watu wa kodi Marekani mwaka 1990 likapigwa mnada, shabiki akalinunua akamrudishia. Hapana jamani. Mali zake zilikamatwa kweli, deni lilizidi dola milioni 16, na vingine marafiki walinunua wakamtunzia, nadhani watu wanachanganyia hapo, ila gitaa lilishaondolewa mapema, likamfikia Hawaii kupitia binti yake Lana. Tangu alinunue 1969 kwa fundi wa magitaa Shot Jackson pale Nashville, dola 750 na hata hajaliona, mwenyewe ni yeye tu. Lile tundu lililotoboka kwenye ubao wa gitaa nalo ni yeye kalichimba kwa kuchapa nyuzi, gitaa la klasiki halina kibao cha kukinga mikwaruzo pale.