Bandari za Ulaya na shehena ya kichele: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Anayetajiwa Rotterdam, bandari kubwa kuliko zote Ulaya, aghalabu huona akilini makontena ya kila rangi yaliyopandana kama matofali. Makontena yapo, tena kwa mamilioni, lakini kwa uzito ni takriban theluthi moja tu ya tani milioni 440 hivi zinazopita hapo kwa mwaka. Karibu nusu ya mzigo wote ni vimiminika, hasa mafuta ghafi na bidhaa zake, na tani nyingine milioni 70 na kitu ni shehena kavu ya kichele, yaani ile inayomiminwa moja kwa moja falkani, chumba cha mzigo cha meli, bila gunia wala sanduku: mawe ya chuma, makaa ya mawe, nafaka. Hii ndiyo shehena isiyopigwa picha, na pengine ndiyo sababu inasemwa mengi yasiyo sahihi juu yake.

Hudhaniwa, kwa mfano, kwamba bandari kuu lazima iwe ufukweni. Antwerp iko kilomita 80 hivi kutoka baharini, kwenye mto Scheldt. Hamburg iko yapata kilomita 100 ndani ya mto Elbe. Na Rouen, ambako ngano nyingi ya Ufaransa hupakiwa kwenda Morocco na kwingineko, hufikiwa baada ya kupanda mto Seine kwa kilomita 120 hivi. Kubeba mzigo mzito majini ni rahisi kuliko kuubeba nchi kavu, kwa hiyo kila kilomita ambayo meli iliweza kuingia bara ilikuwa faida. Anayebeba usumbufu ni nahodha, anayelazimika kumpakia rubani wa mto, kusubiri maji yajae, na kukumbuka kwamba meli ileile yenye mzigo uleule hukaa chini zaidi ikiingia mtoni, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi na ya maji baridi kilo 1,000.

Wala safari ya mzigo haiishi meli inapofunga gati. Mawe ya chuma yanayoshushwa Rotterdam huhamishiwa kwenye matishali, hadi sita kwa pamoja yakisukumwa na boti moja, na kupanda mto Rhine mpaka viwanda vya chuma vya Duisburg. Oktoba 2018, baada ya ukame mrefu, kipimo cha maji cha Kaub kwenye mto huo kilishuka hadi sentimita 25. Msomaji wa habari hiyo angeweza kuamini kwamba mto ulivukika kwa miguu, kumbe tarakimu hiyo si kina cha mto: njia ya meli ilikuwa na zaidi ya mita moja juu ya hapo. Hata hivyo vyombo vililazimika kubeba sehemu ndogo tu ya mzigo wake wa kawaida.

Dhana nyingine ni kwamba meli iliyojaa imejaa mpaka mlangoni mwa falka. Kwa ngano ni karibu kweli. Kwa mawe ya chuma, ukichungulia kutoka sitahani utaona kilima cheusi chekundu kilichokaa sakafuni, na juu yake nafasi tupu inayoweza kumeza nyumba ya ghorofa. Meli imekwisha kufikia uzito wake wote. Meli ya Berge Stahl, iliyoundwa mwaka 1986 kubeba tani 365,000 hivi, ilikaa mita 23 chini ya maji ikiwa na mzigo kamili, na kwa miaka mingi Rotterdam ndiyo bandari pekee ya Ulaya iliyoweza kuipokea hivyo.

Uzito huo mara nyingi haupimwi kwa mizani. Mpimaji huzunguka meli kwa mashua ndogo, husoma alama za kina zilizochorwa ubavuni, omo (mbele), katikati na tezi (nyuma), pande zote mbili, kisha huchota maji ya bandari na kupima uzito wake. Akifanya hivyo kabla na baada ya kushusha, na kutoa mafuta, maji na vifaa vilivyomo melini, hupata tani za shehena.

Lililo hatari kuliko yote ni kuamini kwamba shehena kavu haina madhara kwa kuwa si petroli. Kanuni za kimataifa za shehena hizi, zilizo za lazima tangu Januari 1, 2011, zinatambua kundi zima la mizigo inayoweza kugeuka uji. Vumbi la mawe ya chuma lenye unyevu likitikiswa na mawimbi siku nyingi hupoteza ugumu wake, huhamia upande mmoja, na meli hupinduka. Afisa mwenye shaka hujaza kopo nusu na kuligonga kwenye kitu kigumu mara 25. Maji yakijitokeza juu, shehena inahitaji kupimwa upya. Yasipojitokeza, bado si hakikisho, jambo ambalo wengine hulisahau.

Vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa ajili ya mitambo ya umeme huonekana wapole kabisa, lakini hutoa kaboni monoksidi na kula oksijeni. Mwaka 2006 huko Helsingborg, Sweden, baharia mmoja alikufa baada ya kushuka ngazi iliyopakana na falka ya shehena hiyo. Hakukuwa na moshi wala harufu ya kumwonya.

Mwisho ni lile la kwamba Ulaya imeachana na makaa ya mawe. Matumizi yamepungua sana, lakini viwanda vya chuma bado vinayahitaji, na Umoja wa Ulaya ulipozuia makaa ya Urusi kuanzia Agosti 2022, wanunuzi walitafuta kwingine. Mwaka huo makaa ya Ruvuma yalisafirishwa kwa malori mamia ya kilomita hadi Mtwara, bandari iliyozoeleka kwa korosho, na sehemu yake ikapakiwa kwenda Uholanzi.