Mkia wa Pikachu hauna ncha nyeusi

Wengi waliokua wakitazama Pokémon, katuni ya Kijapani iliyoanza Aprili 1997 kutokana na michezo ya video ya 1996, wanakumbuka mkia wa Pikachu, kiumbe wa njano katika katuni hiyo, ukiwa na ncha nyeusi. Wanakumbuka kwa dhati kabisa. Lakini mkia ule ni wa njano hadi mwisho. Shinani tu, unapoungana na mwili, ndipo penye rangi ya kahawia. Weusi uko kwenye ncha za masikio, na nadhani akili huuhamishia mkiani. Tena Pichu, anayekua na kuwa Pikachu, ana mkia mweusi.

Ukitaka kuhakikisha, tazama vipindi vya mwanzo vyenyewe au kadi za zamani za Pokémon. Michoro ya mashabiki usiitegemee, maana baadhi yake imebeba kumbukumbu hiyohiyo.