Pua imeziba, lakini kamasi halitoki

Mafua yakikolea, mtu hupenga mpaka masikio yanaziba, na pua bado haifunguki. Hudhani kamasi limeganda ndani. Mara nyingi hakuna kamasi la kutoa: kilichojaa ni damu.

Ndani ya pua, kila upande, kuna mikunjo ya nyama laini yenye mishipa mingi midogo ya damu. Kazi yake ni kuipasha hewa joto na kuilowanisha kabla haijafika mapafuni. Virusi vya mafua, vumbi au chavua vikiisumbua, mishipa hutanuka, nyama huvimba na njia ya hewa hubanwa. Ukilala chali damu huzidi kukusanyika hapo, ndiyo maana usiku ni mgumu kuliko mchana. Kupenga kwa nguvu hakupunguzi uvimbe huo hata kidogo, na kunaweza kusukuma uchafu kuelekea kwenye sikio.

Matone ya kuzibua pua kama zailometazolini na oksimetazolini husinyaza mishipa hiyo ndani ya dakika chache, na utamu wake ndio mtego wake. Yakitumika mfululizo zaidi ya siku tano hivi, kila nguvu ya dawa inapoisha uvimbe hurudi, pengine kwa kishindo. Mtu anaongeza tone, kisha jingine, mwisho anatembea na chupa mfukoni miezi kwa miezi akiamini ana mafua sugu. Sisi wa kliniki za masikio, pua na koo tunawapokea wengi wa namna hii. Tiba ni kuacha matone, mara nyingi kwa msaada wa dawa ya steroidi, yaani ya kupunguza uvimbe, ya kupuliza puani, na siku za mwanzo ni za tabu kweli.

Kuhusu vidonge vya kuzibua pua, soma pakiti ujue vina dawa gani. Septemba 2023 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, liliona kuwa fenilefrini ya kumeza haizibui pua kwa dozi za kawaida. Vidonge vyenye pseudoefedrini husaidia, ila vinaweza kupandisha presha. Mwenye presha aulize kwanza.

Ningeanza na maji ya chumvi ya kusafishia pua: chumvi robo hadi nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Yachemshwe kwa sababu maji mabichi huweza kubeba amiba wa hatari wanaoingilia puani. Dawa za kupaka zenye mentholi hukupa hisia ya ubaridi tu, upenyo wa pua unabaki vilevile. Na nyungu? Mvuke huleta nafuu ya muda, lakini sufuria ya maji ya moto na mtoto chini ya shuka moja ni ajali inayosubiri.

Mtoto mchanga hutegemea sana pua kupumua, kwa hiyo ikiziba hushindwa kunyonya. Mtie tone moja au mawili ya maji ya chumvi safi ya dukani kabla ya kumnyonyesha. Akivuta pumzi kwa shida au akikataa titi, mpeleke kituo cha afya.

Mtoto mkubwa kidogo akitoa usaha wenye harufu upande mmoja tu, hayo huenda si mafua. Shuku harage, punje ya mahindi au shanga. Usichokoe kwa njiti, utaisukuma ndani zaidi; mpeleke hospitali. Ikiwa ni betri ndogo ya saa au ya kichezeo, usingoje kesho, kwani huunguza nyama ya pua ndani ya saa chache.