Kabla ya kuuliza huzuni, uliza usingizi

Ba mama na ba papa wa Bukavu, leo naandika juu ya bipola, ugonjwa fulani wa akili, juu wagonjwa wengi wananifikia wakiwa wamechelewa sana na inaniuma, hii ni kitu ya kutibika.

Bipola iko na nyakati mbili, kushuka na kupanda. Kushuka watu wanakujua: wiki 2 ama zaidi mtu hana hamu ya kitu, analia, chakula hakipiti, anawaza kufa. Kupanda njo kunadanganya familia, juu mwanzo wake unapendeza. Chukua mama anayeuza vitenge Kadutu, usiku analala masaa mawili tu na asubuhi hachoki hata kidogo, saa tisa ya usiku anafua nguo, anapigia mashemeji simu kuwaeleza atafungua maduka matatu Goma, anakopesha vitenge watu hata hawajui, anaongea mbio, ukimkatiza anawaka. Nyumbani wanasema Mungu amemfungulia njia. Hali hiyo ikidumu wiki 1, ama ikifika mpaka alazwe, ni mania. Iko na ndogo yake, haipomania, hiyo siku 4 zinatosha, na mara nyingi hakuna anayeishtukia.

Sasa huyu mama akija kwa docta, anakuja siku ya kushuka. Anapewa dawa ya huzuni peke yake, labda amitriptilini, na hiyo inaweza kumpandisha upya. Ndiyo maana mimi nauliza kila mtu mwenye huzuni: kuna wakati ulilala kidogo sana na nguvu ikabaki? Alafu namuuliza ndugu yake pia, juu mwenyewe anakumbuka furaha tu. Tunaangalia na malaria, pombe, bangi, tezi ya shingo, vyote vinaweza kufanana na hii.

Maombi sikatazi, ombeni. Lakini kumkesheza mtu aliyepanda kichwa ni kumuongezea ugonjwa, kukosa usingizi njo kunampandisha zaidi. Na kama anakunywa litiamu, dawa ya bipola, kufunga bila maji ni hatari kabisa.

Litiamu ilianza kutumika kwa mania mwaka 1949, docta John Cade wa Australia njo aliionyesha, na mpaka leo ni kati ya dawa bora. Ila inataka kupimwa kwenye damu, masaa 12 baada ya kidonge cha mwisho, kwa kawaida tunataka kati ya 0.6 na 1.0 mmol/L, na figo na tezi tunaziangalia kila miezi 6. Mgonjwa akihara, akitapika, mikono ikitetemeka sana, akitembea kama mlevi, asimeze kingine, mpelekeni hospitali siku ile ile. Diklofenaki na ibuprofeni za famasi zinaipandisha kwenye damu, msimpe kwa kuumwa mgongo. Pasipo na maabara ya kuipima tuko na dawa zingine, kama olanzapini ama haloperidoli. Valproati, wasichana na wamama wanaoweza kubeba mimba waepushwe nayo, inaharibu mtoto tumboni.

Hapa Bukavu nendeni SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili, Goma iko ingine, Tulizo Letu. Na mgonjwa akijisikia mzima asikate dawa mwenyewe, litiamu ikikatwa ghafla anaweza kurudi kupanda haraka, aongee na docta ipunguzwe polepole. Akianza kusema anataka kufa, vidonge vyote vibaki kwa mtu mwingine wa nyumbani, na yeye asilale peke yake mpaka mfike kwetu.